Picha Niliyoigeuza

Jumatatu, 9 Februari

Mzee Maxime, mkuu wetu, ametuambia leo kwamba anastaafu mwisho wa Aprili. Alisema huku anapangusa miwani yake, kana kwamba ni jambo dogo. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi katika chumba cha radio cha kliniki hii (ndivyo watu wa Bujumbura wanavyoita eksirei, radio tu), na kwa miaka kumi na moja nimekuwa wa pili wake. Hakuna aliyesema kiti ni changu. Lakini wauguzi wote waligeuka wakanitazama.

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nataka niuandike msimu wa mvua ambao mimi, Léoncie, niliupata ukuu. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu nilikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa mjini. Kirundi ninasali nacho, Kifaransa ninaandikia ripoti, lakini mambo ya rohoni mwangu nayajua kwa Kiswahili.

Alhamisi, 12 Februari

Ameletwa fundi mpya wa radio. Anaitwa Orpha, ana miaka ishirini na minane, Mkongo wa Bukavu, amesomea Lubumbashi. Mashine yetu mpya ya kompyuta ilifika Desemba na sisi tulifundishwa siku mbili tu. Yeye aliikalia kama mtu anayekaa jikoni kwao.

Ananiita yaya, dada mkubwa. Najua ni heshima. Lakini alilitamka mbele ya wauguzi wote, nikahisi kama mtu amehesabu mvi zangu kwa sauti.

Ijumaa, 13 Februari

Mvua tangu alfajiri. Wagonjwa wanane. Hakuna jipya.

Jumanne, 17 Februari

Leo aliletwa mzee anayekohoa, ana bon mkononi, ile karatasi ya daktari ya kuomba kipimo. Imeandikwa "radio ya kifua", basi. Mimi ningempiga picha moja, angeenda zake. Orpha aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma.

"Yaya, bon hii haina swali."

"Swali gani tena? Wanataka kifua."

"Ndiyo, lakini mi sijue dokta anatafuta nini mule. Kama ni maji, nitamupiga na ya ubavu pia. Kama anataka kujua dawa za kifua kikuu zimefanya kazi, nitahitaji picha yake ya zamani tulinganishe."

Akairudisha bon juu, kwa dokta aliyeiandika. Mzee akasubiri karibu nusu saa. Nilijua Dokta Massoudi atashuka na hasira, nikakaa karibu na mlango ili nisikie vizuri. Alishuka kweli, kalamu mkononi. Akacheka. Akasema alikuwa na wasiwasi kuna maji upande mmoja wa mapafu, alisahau tu kuandika. Orpha akapiga picha mbili, na ile ya ubavu ikaonyesha maji kidogo yaliyojificha nyuma, mahali ambapo ya mbele haikuonyesha kitu.

"Sasa humu ndani watu wanafikiri," alisema Dokta wakati anatoka.

Sasa! Na miaka kumi na tisa tulikuwa tunafanya nini?

Jumapili, 22 Februari

Nimemkuta Orpha kanisani, yuko kwaya. Anaimba pia. Bila shaka anaimba.

Jumatano, 25 Februari

Dereva mmoja amekuja anashika kiuno, anataka radio ya mgongo kwa nguvu. Mgongo umemuuma siku tatu, tangu abebe magunia. Orpha alimkalisha kwenye benchi akamuuliza: miguu inakufa ganzi? Umeanguka? Una homa? Unapungua uzito? Yote apana. Akamweleza kwamba radio inaona mifupa vizuri, lakini msuli uliovutika hauonekani, na hakuna maana ya kumpitishia mionzi bure. Akampandisha kwa Dokta, Dokta akakubaliana naye.

Yule dereva alirudi kumshukuru. Alimshukuru kwa kunyimwa! Mimi nimewapa watu picha miaka yote hii na sijaona mtu akirudi mlangoni kunishika mkono.

Jumatatu, 2 Machi

Naandika hili nikiwa na hasira na ninajua ni hasira ya kijinga.

Mume wangu Térence anafanya kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani, bandarini. Leo asubuhi ameteleza kwenye ubao wa kupandia mashua ya Kigoma, ukiwa umeloa, akaangukia mkono. Wenzake wakamleta kwetu. Mimi nilikuwa wodini na mashine ndogo ya magurudumu, napiga radio ya mgonjwa asiyeweza kushuka. Nilipomaliza nikashuka mbio, nikakuta mambo yameisha. Térence yuko kwenye kiti, mkono umefungwa plasta, anatabasamu kama mtoto aliyepewa pipi.

Nyumbani hakuongea kingine.

"Mama Laure, unajua kwa nini wanapiga mufupa mumoja mara mbili?"

"Térence. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Apana, sikiliza. Ya kwanza kutoka juu, haikuonyesha kitu. Mi nikasema basi, iko sawa, niende zangu. Yule dada akasema ngoja, mufupa ni kama fimbo. Ukiutazama upande mumoja tu, ufa unaweza kujificha nyuma. Akanigeuza mukono. Ya pili hii hapa, ufa! Mwembamba kama unywele. Akanionyesha kwa kidole."

"Ningekuonyesha mimi."

"Ungenionyesha?" Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. "Tumekaa pamoja miaka ishirini na mbili, hujawahi kuniambia."

Nilikwenda kuosha vyombo. Niliviosha vyote, hata vilivyokuwa safi. Ni kweli sijawahi kumwambia. Hakuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupenda kujua.

Ijumaa, 6 Machi

Nimebaki baada ya zamu, nikafungua picha za Orpha za wiki nzima, moja moja. Natafuta kosa. Bega lililokatwa, mgonjwa aliyepumua, jina lililoandikwa vibaya.

Hakuna.

Jumatatu, 9 Machi

Nimetafuta tena. Hakuna.

Jumanne, 10 Machi

Mto Kanyosha umefurika usiku kucha, umekula barabara karibu na kwetu. Hakuna bisi za abiria, na petroli nayo haipatikani, ile hadithi ya kila siku. Nimetembea kwa miguu, nimefika saa nne, nimeloa hadi mfupani. Orpha alikuwa ameshawapiga wagonjwa wangu wote wa asubuhi. Alinipa kitenge chake kikavu nijifunge.

"Pole, yaya. Nimekuwekea chai kwenye chupa."

Nikanywa chai yake, nikavaa kitenge chake, na nikamchukia zaidi ya jana. Angekuwa mbaya ningepumzika.

Jumatano, 18 Machi

Mzee Maxime kaniita pembeni. Mkurugenzi amemuuliza nani achukue nafasi yake.

"Nimetaja majina mawili," akasema.

"Mawili?"

"Léoncie, usinitazame hivyo. We unajua kazi. Yule anajua kazi na anajua kwa nini."

Sikula mchana.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara tatu.

Ijumaa, 27 Machi

Nimepata! Leo nimepata.

Jana jioni aliletwa mwanamke anaitwa Geneviève, miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa Uvira, anauza ndagala, dagaa wakavu, huku kwetu Kanyosha. Tumbo linamuuma siku mbili, chini, upande wa kushoto. Dokta Massoudi aliomba radio ya kifua akiwa amesimama. Mtu asiyejua atashangaa, tumbo na kifua wapi na wapi? Lakini utumbo ukitoboka, hewa hutoka ikapanda juu, ikasimama chini ya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na kwenye picha huonekana kama ukingo mweusi. Ndicho Dokta alichokuwa anatafuta.

Orpha ndiye aliyempiga. Kisha umeme ukakatika kabla picha haijachapishwa, na Orpha akaondoka kwenda Rumonge, kwenye sherehe ya mahari ya mdogo wake. Ana ruhusa hadi Jumatatu.

Asubuhi nimewasha mashine, picha ikafunguka, na nilichokiona kilinifanya nicheke peke yangu. Moyo uko kulia!

Kila picha tunaiwekea herufi ya madini ya risasi, D kwa upande wa kulia wa mgonjwa au G kwa kushoto, kama Wafaransa wanavyosema droite na gauche. Orpha alikuwa ameweka D, na moyo uko upande huohuo wa D. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua maana yake. Orpha alibandika herufi upande usio wake. Alikuwa na haraka ya safari, akili yake iko Rumonge.

Mashine inaruhusu kugeuza picha. Unabonyeza mara moja tu, kulia inakuwa kushoto. Nikageuza, moyo ukakaa mahali pake. Herufi ya risasi ikabaki imeandikwa kinyume, kama kwenye kioo, basi nikaukata ukingo wa picha ili iondoke, nikaandika D nyingine kwa kompyuta, upande unaostahili. Picha safi kabisa. Ukingo mweusi haukuwapo, utumbo haujatoboka.

Nikaipeleka juu kwa mkono wangu.

"Dokta, hii nimeisahihisha. Orpha alikuwa amechanganya kulia na kushoto."

"Orpha?" Akainua macho. "Kweli?"

"Uchovu, Dokta. Na haraka. Vijana hawa ni wazuri, lakini wanahitaji mtu wa kuwasimamia."

Mkurugenzi alikuwa mlangoni. Alisikia yote. "Asante Mungu uko hapa, Léoncie," akasema.

Asante Mungu uko hapa. Nimeliandika mara mbili ili lisipotee.

Jumamosi, 28 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, kama ripoti, vinginevyo sitamaliza.

Saa tatu asubuhi. Niko zamu peke yangu. Mvua inapiga mabati mpaka huwezi kusikia mtu. Geneviève analetwa tena, safari hii kwenye machela. Homa imepanda, tumbo limekuwa gumu kama meza. Daktari anayepima kwa echo, yaani ultrasound, hayuko hadi Jumanne. Dokta Massoudi anataka radio nyingine, amesimama, aone kama sasa kumetoboka. Bon ameiandika vizuri, ina swali.

Mama yake yuko naye, anaitwa Dévote, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha kijani. Nilimvisha aproni ya risasi ili amshikilie binti yake, maana hawezi kusimama peke yake.

"Simama, mama, kidogo tu. Vuta pumzi. Shika hapo."

Herufi D niliiweka kwa mkono wangu mwenyewe. Upande wa kulia, begani. Niligusa lile bega. Nakumbuka nilimwambia, "Huu ndio mkono wako wa kulia, eh?" naye akatikisa kichwa.

Picha ikatokea kwenye kioo.

Moyo ulikuwa kulia.

Niliangalia herufi yangu. Niliangalia kupitia dirisha la kioo yule mwanamke amesimama pale, mkono wake wa kulia ni ule ule. Niliangalia tena. Weupe wa ini uko kushoto. Povu la hewa la mfuko wa chakula liko kulia. Kila kitu ndani yake kimekaa kama kwenye kioo, na hakuna aliyekosea isipokuwa mimi.

Nilitoka nikamwendea. Nilimuuliza swali ambalo sijawahi kumuuliza mgonjwa tangu nianze kazi hii.

"Geneviève, kuna mtu amewahi kukuambia kitu kuhusu moyo wako?"

Hakuweza kujibu kwa maumivu. Mama yake ndiye aliyejibu.

"Moyo wake unapigia huku." Akaweka kiganja kwenye titi la kulia la binti yake. "Tangu akiwa mutoto. Nilimwambia yule dada wa juzi, aliniuliza. Akasema asante mama, ameandika."

Ameandika. Nilirudi kwenye trei ya karatasi za Alhamisi, nikatafuta bon, nikaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wake wa kuviringa: "Moyo uko kulia, si kosa, nimehakikisha na mgonjwa na mama yake. Dokta aone pia tumbo." Nilikuwa nimeipita Ijumaa asubuhi. Nilikuwa na haraka ya kufurahi.

Na sasa lazima niandike kilichofuata, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekiona. Nilikaa mbele ya mashine na kidole changu kikaenda kwenye kitufe. Nikibonyeza tena, picha ya leo itafanana na ya jana. Hewa chini ya kiwambo haikuwapo, jibu la swali la Dokta lingebaki lile lile. Nani angejua? Mkurugenzi alishasema asante Mungu uko hapa. Nilihesabu pumzi zangu kama ninavyowaamuru wagonjwa. Sijui zilikuwa ngapi.

Kisha Geneviève akalia kule ndani. Hakulia kwa nguvu. Alisema tu, "Mama, nakufa sasa?" kama mtu anayeuliza saa.

Nikakimbia ngazi.

"Dokta. Picha ya jana niliigeuza mimi. Orpha hakukosea. Moyo wake uko kulia, ini liko kushoto, vyote vimegeuka. Nimempiga sasa hivi kwa mkono wangu. Na Orpha aliandika kwenye bon, na mimi sikusoma."

Dokta Massoudi hakunifokea. Alisimama kabisa, na niliona uso wake ukifikiri. Kidole tumbo cha mtu hukaa chini kulia. Kikivimba, mtu huumwa kulia. Huyu anaumwa kushoto, kwa hiyo tangu Alhamisi walidhani ni kufunga choo, wakampa maji ya mshipa, wakasubiri.

"Kama vyote vimegeuka," akasema polepole, "basi kushoto ndiko kuliko kidole tumbo." Kisha akapiga kelele ya kuita chumba cha upasuaji, na kliniki nzima ikaanza kukimbia.

Walimfungua saa tano. Kilikuwa kimeshapasuka, usaha umeenea. Dokta alitoka saa nane na nusu, kofia imelowa jasho.

"Anaishi," alisema. "Jana ingekuwa kazi ya dakika arobaini." Akakaa kwenye benchi karibu nami, akaivua ile kofia. "Nilimsikiliza kifua jana. Moyo ulisikika kwa mbali. Nikasema ni mvua kwenye mabati. Halafu ukaniletea picha nzuri, nikaiamini picha."

Alisema hivyo ili asinibebeshe yote peke yangu. Lakini yeye aliiamini picha, na mimi ndiye niliyeitengeneza.

Jumapili, 29 Machi

Sikwenda kanisani. Ni Jumapili ya Matawi. Binti yetu Laure ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia ndiyo.

Jumatatu, 30 Machi

Orpha amerudi na kikapu cha machungwa ya Rumonge ya kutugawia. Nilimwambia kabla hajavua koti. Nilimwambia yote, hata kukata herufi, hata kidole kwenye kitufe.

Alikaa. Akaweka kikapu mapajani.

"Yaya, mashine inatunza picha ya kwanza. Ningeiona tu."

"Najua."

"Kwa hiyo ni kwa sababu hiyo ulisema?"

"Jumamosi sikukumbuka. Nimekumbuka jana."

Akanitazama kwa makini kama anavyotazama picha, bila haraka. Nadhani aliniamini. Kisha akasema:

"Siku ya kwanza niliogopa sana. Nilisema mwenyewe, nikae karibu na yule mama, yeye anajua yote. Mi nilikuwa nakuita yaya kwa sababu sina dada mukubwa."

Ningependelea angenipiga kofi.

Jumanne, 31 Machi

Mkurugenzi amesema familia lazima iambiwe. Nikaomba niseme mwenyewe. Geneviève ana mpira wa kutoa usaha ubavuni, amelala. Mama yake nilimwita nje, kwenye baraza.

Nilimwambia kwamba picha ya kwanza ilikuwa sawa, mimi nikaibadilisha, na kwa sababu hiyo binti yake alipoteza siku nzima na zaidi.

"Ulibadilisha kwa sababu ulifikiri imekosewa?" akauliza Dévote.

"Nilifikiri mwenzangu amekosea."

"Na kwa nini hukuja kumuangalia mugonjwa? Ni ngazi kumi na mbili. Mi nimezihesabu."

Nilitafuta la kusema lenye heshima. Sikulipata, nikasema lenye ukweli.

"Kwa sababu nilitaka awe amekosea."

Akanitazama juu mpaka chini. Kisha akanigeuzia mgongo akarudi kwa binti yake, akafunga mlango kwa upole, ili asimwamshe.

Jumatano, 1 Aprili

Barua mbili zimebandikwa ubaoni. Moja, mimi nimesimamishwa kazi hadi tarehe kumi na sita, na barua ya onyo katika faili langu. Ya pili, kuanzia mwezi wa tano mkuu wa chumba cha radio ni Orpha.

Mzee Maxime alinishika bega. Nilitamani aseme kwamba jina la kwanza alilolitaja lilikuwa langu. Hakusema, nami sikuuliza.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Nimepika wali na mukeke, samaki wa ziwa letu. Térence, mkono bado kwenye plasta, ameniomba nimweleze jinsi mfupa unavyoonekana ukianza kuunga. Nimemweleza. Wingu jeupe linajikusanya kwanza kuzunguka ufa, kabla mstari haujafutika. Alisikiliza mpaka mwisho. Najua alikuwa ananihurumia, lakini alisikiliza.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua imepungua. Nimelima bustani. Nimefikiria kuandika hapa kwamba wivu umekwisha. Haujaisha. Leo nimemwota Orpha anakosea, nikaamka na furaha, na furaha ikadumu mpaka nilipokumbuka.

Ijumaa, 17 Aprili

Siku ya kwanza kazini. Orpha amenipangia zamu kama mtu yeyote. Hakunipa nyepesi wala ngumu. Asubuhi nimepiga mafundo ya vidole ya mzee mmoja na kifua cha mtoto aliyemeza sarafu. Iko tumboni, itatoka yenyewe. Nilisoma kila bon pande zote mbili. Inachukua muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Saa sita mlango ukagongwa. Alikuwa Dévote, na kitenge chake cha kijani, bahasha kubwa kwapani.

"Yule dada hayuko?"

"Yuko kwenye mkutano kwa mkurugenzi."

Akashusha pumzi. Hata hapo, hata kwake yeye, nilihisi ile sindano ndogo ninayoijua, kwamba hakuja kwangu.

"Geneviève anatoka leo," akasema. "Dokta ametupa hii picha. Anasema aende nayo popote, hata akienda kwao Uvira, aionyeshe kwa daktari kabla hajaguswa. Lakini mi sione kitu humu. Moshi tu. Watu wa nyumbani wataniuliza, nitasema nini?"

"Umsubiri Orpha, kama unapenda."

Akatazama benchi, akatazama saa ukutani. "Gari inangoja. Sema wewe."

Nikaichukua picha, nikaipeleka dirishani, maana jua lilikuwa limetoka. Nikaiweka kwenye kioo.

"Sogea hapa, mama. Ichukulie kama vile Geneviève amesimama anakutazama. Kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Unaiona D? Huo ni mkono wake wa kulia. Penye weusi pana hewa, mionzi imepita bila kuzuiwa, ni mapafu. Mistari hii myeupe ni mbavu, mifupa inazuia. Hiki cha kijivu, kama embe limelala, ndicho moyo. Unaona umeelekea wapi?"

"Huku kwa D."

"Huku kwa D. Kwa watu wengine ungeelekea kule. Hauumwi, haujaharibika, umekaa tu upande wake. Na chini hapa, chini ya kiwambo, weupe huu ni ini. Kwake liko kushoto. Na mtu akimwambia kidole tumbo kiko kulia, mwambie chake kilikuwa kushoto, na kimeshatolewa."

Aliisogelea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaweka kidole chake juu ya moyo, akakitembeza taratibu mpaka kwenye ini, midomo ikijisemea.

"Mi sijakusamehe," akasema, bila kuondoa macho kwenye picha.

"Najua, mama."

"Sijue kama nitakusamehe."

"Ndiyo, mama."

Nje dereva alipiga honi. Dévote hakugeuka.

"Rudilia pale pa ini," akasema. "Polepole. Nataka nikifika niseme bila kukosea."

Nikarudilia.